Nauli ya Teksi Inavyohesabiwa: Niliyojifunza Nikimpeleka Mama Kusafishwa Damu

Figo za mama ziliposhindwa kazi, tulielezwa mambo mengi kwa siku chache: chumvi, kipimo cha maji ya kunywa, dawa za presha, mshipa wa mkononi utakaotumika kuingizia sindano. Usafiri hakuna aliyeutaja. Kusafishwa damu kwa kawaida hufanywa mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, na mgonjwa akitoka pale mara nyingi presha imeshuka, miguu haina nguvu, kichwa kinazunguka. Huwezi kumsimamisha kituoni asubiri basi. Kwa hiyo tulipanda teksi kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki, mpaka nauli ikatushinda kuliko dawa.

Ninaandika kwa ajili ya wanaoanza sasa safari kama yetu: wenye mgonjwa wa kila wiki, wenye mtoto wa kliniki, wenye mzee asiyeweza kutembea, au aliyehamia mji asioujua na hana gari. Nauli ya teksi ina mantiki. Ukiielewa, utaikadiria kabla hujafungua mlango wa gari, na utaweza kupanga ratiba ya mgonjwa wako kwa namna itakayokupunguzia gharama.

Miezi ya kwanza nilikuwa mtu wa kukodolea macho mita, kile kifaa cha garini kinachohesabu nauli. Namba ikipanda, na moyo wangu unapanda. Gari likisimama kwenye foleni na namba bado inaruka, nilihisi kama ninaibiwa mchana kweupe, ila sikujua niseme nini. Mama naye alikuwa anatazama. Siku moja, tukiwa tumekwama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, keshokutwa tupumzike. Tutakwenda ile ya mwisho wa wiki." Alitaka kuruka matibabu ili kuniokolea fedha. Mgonjwa wa figo akikosa kipindi kimoja, maji hujikusanya mwilini na potasiamu hupanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Maneno yale yalinitia hofu kuliko namba yoyote ya kwenye mita. Nikaamua kwamba hesabu hii nitaijua, ili isije tena ikamfikia mama.

Nilianza na daftari. Kila safari niliandika saa ya kuondoka, saa ya kufika, kilomita, na nauli. Baada ya muda nikaona kitu kilichonishangaza: njia moja, kilomita zilezile, nauli hazifanani kabisa. Asubuhi ilikuwa ghali, mchana nafuu, jioni inategemea. Nilimwonyesha daftari dereva mmoja mzee aliyekuwa akituchukua mara kwa mara. Alisoma taa zilipokuwa nyekundu, akalirudisha, akasema, "Dada, wewe umeandika kilomita na dakika, lakini mita haivijumlishi vyote viwili. Inachagua."

Sentensi ile ndiyo iliyonifungua macho.

Teksi ya mita ina vitu vitatu vya msingi. Kwanza bei ya kuanzia, ile inayotokea mita inapowashwa kabla gari halijasogea. Pili bei ya umbali. Tatu bei ya muda. Wengi tunajua hivyo vitatu kwa juujuu, lakini tunadhani umbali na muda vinakwenda pamoja safari nzima. Katika mita nyingi sivyo. Gari likienda kwa kasi ya kutosha, mita huhesabu umbali peke yake. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, huacha umbali na kuhesabu dakika. Mpaka kati ya hayo mawili haukuwekwa kwa kubahatisha: unatokana na bei zenyewe. Chukua bei ya saa nzima ya muda, igawe kwa bei ya kilomita moja, jibu ndiyo kasi ambayo mita hubadilisha hesabu.

Tuseme bei ya kuanzia ni 100, kila kilomita ni 50, na kila dakika ni 10. Sitaji fedha ya nchi yoyote. Weka ya kwenu. Dakika 60 ni 600, gawa kwa 50, unapata 12. Gari likizidi kilomita 12 kwa saa, unalipia kilomita. Likiwa chini ya hapo, au likiwa limesimama kabisa, unalipia dakika.

Mfano wa kweli ni New York. Huko mita hupanda kiasi kilekile kwa kila sehemu ya tano ya maili, au kwa kila sekunde 60 gari linapokwenda polepole au linaposimama. Sehemu ya tano ya maili kwa dakika moja ni maili 12 kwa saa, karibu kilomita 19, na ndiyo kasi inayotajwa katika kanuni za mji ule. Nilipoiona hesabu hiyo ikitoka sawasawa niliacha kuitazama mita kama mganga aliyeficha mambo yake. Ni hesabu ya shule ya msingi, ila hakuna anayetufundisha.

Sasa tazama inavyofanya kazi barabarani. Safari ya kilomita 8 isiyo na foleni, kwa bei zetu za mfano, ni 100 kujumlisha 400, yaani 500. Safari hiyohiyo, kilomita 1 kati ya hizo ikiwa ya foleni ya dakika 12, inakuwa 100, kujumlisha 350 za kilomita 7, kujumlisha 120 za dakika 12: jumla 570. Foleni ikikaza, kilomita 3 zikachukua nusu saa, unapata 100 na 250 na 300, yaani 650. Gari halijaongeza hata mita moja ya barabara, na umelipa asilimia 30 zaidi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini madereva wengine huacha barabara kuu na kupita pembeni, jambo ambalo mwanzoni nililishuku sana. Kwa mfano wetu, njia ya kuzunguka ya kilomita 9 isiyo na foleni ni 550. Imezidi kilomita nzima, lakini ni nafuu kuliko ile fupi yenye foleni ya dakika 12. Ikiwa ya kilomita 10 inafika 600, na hapo huna faida ya fedha, una faida ya muda tu. Kwa hiyo dereva akisema "tuzunguke," usikatae haraka na usikubali haraka. Uliza mambo mawili: inaongeza kilomita ngapi, na inaokoa dakika ngapi. Kwa bei zetu za mfano dakika 5 za kusimama ni sawa na kilomita moja. Tafuta uwiano huo kwa bei za mji wenu, uukariri. Utakutumikia kuliko ramani.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikutoka barabarani. Ilitoka kwenye ratiba. Vituo vya kusafisha damu kwa kawaida hufanya kazi kwa zamu, na sisi tulikuwa zamu ya alfajiri, ile inayokutana na watu wote wanaokwenda kazini. Nilikwenda kwa muuguzi wa zamu, nikaomba tuhamishiwe katikati ya siku nafasi ikipatikana. Ilichukua wiki kadhaa, lakini ilipatikana. Kwenda tukawa tunapita barabara ikiwa nyeupe, kurudi tukawa tunaiwahi foleni ya jioni. Ikiwa mgonjwa wako ana nafasi ya kuchagua saa, itumie hiyo kabla hujaanza kubishana na dereva yeyote kuhusu njia. Ila usimwombe muuguzi apunguze muda wa mashine ili uwahi barabara. Nimewaona waliofanya hivyo, na wagonjwa wao wakarudi wakiwa wamevimba.

Kusubiri nako kuna hesabu yake. Mara nyingi tulihitaji kusimama duka la dawa tukirudi. Dereva atauliza, "Nisubiri au nikuache?" Chukua bei ya kuanzia, gawa kwa bei ya dakika. Kwa mfano wetu ni 100 kwa 10, dakika 10. Ukitarajia kukaa ndani chini ya dakika 10, asubiri. Zaidi ya hapo, kwa hesabu tupu, ni nafuu kumlipa na kuita gari jingine. Lakini mama akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma amefumba macho, sikumshusha nje kwa ajili ya tofauti ndogo. Niliilipa, na ningeilipa tena. Jambo la kukataa moja kwa moja ni kusubiriwa muda wote wa matibabu mita ikiwa inakwenda. Saa 4 ni dakika 240, na kwa bei ya mfano ni 2,400, karibu safari tano. Dereva mmoja alijitolea kwa moyo mwema kabisa kutusubiri, na sidhani naye alikuwa ameipiga hesabu.

Safari fupi zina mtego mwingine: nauli ya chini. Teksi nyingi, na hasa zile za kuitwa kwa simu, zina kiwango ambacho hulipi pungufu yake hata ukienda mtaa wa pili. Pamoja na bei ya kuanzia, hiyo ndiyo sababu kilomita moja ya safari fupi ni ghali kuliko kilomita moja ya safari ndefu. Sisi tulikuwa tukienda maabara siku moja, duka la dawa siku nyingine, kliniki ya macho siku ya tatu. Tulipoviunganisha vyote katika siku ya matibabu, tukavipitia njiani, tuliacha kulipia mwanzo kila mara.

Kuna kitu kingine ambacho abiria wengi hawakitazami kabisa: namba ndogo pembeni mwa mita inayoonyesha kiwango cha bei kinachotumika. Mji mmoja unaweza kuwa na viwango kadhaa. London, kwa mfano, ina kimoja cha mchana wa siku za kazi, kingine cha jioni na mchana wa mwisho wa wiki, na cha tatu cha usiku na sikukuu. Paris huangalia saa na pia eneo, ndani ya mji au nje yake. Kiwango cha juu cha nje ya mji huwaudhi abiria, nami kiliniudhi, mpaka nilipokaa nikafikiri: dereva akinipeleka nje ya mji, nani atampandisha akirudi? Atarudi gari tupu, anachoma mafuta yaleyale. Kilomita zile za bure lazima zilipwe na mtu.

Siku moja tuliingia garini saa nne asubuhi, na nikaona mita imewekwa kiwango cha usiku. Sikupiga kelele. Nilimwambia dereva, "Samahani kaka, naona hapo panaonyesha kiwango cha usiku." Akatazama, akairekebisha, akaanza upya. Sijui ilikuwa bahati mbaya au makusudi, na haikunihusu kujua. Kama nisingekuwa naifahamu ile namba, ningelipa na kulalamika nyumbani kwamba maisha yamepanda. Tazama namba hiyo gari linapoondoka, si unapofika. Mwisho wa safari ni neno lako kwa neno lake.

Kuhusu kuibiwa na mita yenyewe, nilisoma sana kwa sababu nilikuwa na wasiwasi huo. Wazo la kupima safari kwa mizunguko ya gurudumu ni la kale. Mhandisi wa Kirumi Vitruvius, karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari la kukokotwa lenye meno ya gurudumu yaliyodondosha kijiwe kimoja chomboni kila maili inapotimia. Mwisho wa safari unahesabu vijiwe. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Bruhn alibuni mita ya nauli, na mwaka 1897 gari la Daimler lenye mita lilianza kubeba abiria Stuttgart. Ilipofika 1907 London ilikuwa imeilazimisha kwenye teksi za magari, na mwaka huohuo mfanyabiashara Harry Allen alileta New York magari mekundu kutoka Ufaransa yenye mita. Inasimuliwa kwamba alikasirishwa na kutozwa dola 5 kwa safari ya robo tatu ya maili. Habari hiyo ilinifariji. Kumbe mita ilipokelewa kama ulinzi wa abiria, ili bei isitokane na sura yake, mavazi yake, au haraka aliyonayo.

Mita ya leo haitumii vijiwe, lakini inategemea gurudumu vilevile: hupokea ishara kila gurudumu linapozunguka, na imepangwa ishara ngapi ni kilomita moja kwa gari lile na tairi zile. Ndiyo maana kubadilisha ukubwa wa tairi kunaharibu kipimo. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, mita ikadhani umekwenda mbali. Hata kuchakaa kwa kawaida kuna athari kidogo: tairi likipoteza milimita 6 hivi za kashata zake, ile michoro inayogusa barabara, mzunguko hupungua karibu asilimia 2. Mita ni mizani, na kama mizani ya sokoni hukaguliwa na kufungwa lakiri. Lakiri iliyokatika ni sababu tosha ya kushuka. Kama una shaka, washa kipimo cha umbali kwenye simu yako na ulinganishe. Tofauti ndogo ni ya kawaida, tofauti kubwa inayojirudia kwa gari moja si ya kawaida.

Kuna jambo moja la kanuni nililotamani ningelijua mapema. Sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu vipimo zinatambua namna mbili za mita kuhesabu. Moja ni hiyo ya kuchagua, umbali au muda. Nyingine hujumlisha vyote viwili, umbali na muda, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa safari yetu ya kilomita 8 yenye foleni ya dakika 12, tuseme ilichukua dakika 30 zote kwa pamoja: namna ya kuchagua ilitupa 570, na namna ya kujumlisha ingetupa 100 na 400 na 300, yaani 800, kwa bei zilezile. Ndiyo maana mahali panapojumlishwa vyote, bei ya kilomita na ya dakika hazina budi kuwa ndogo zaidi. Usilinganishe bei ya kilomita ya huduma mbili bila kujua kila moja inahesabu kwa namna gani.

Na hili ndilo lililonichanganya tulipoanza kutumia programu za simu. Bei ya kilomita ilionekana ndogo, nikafurahi. Lakini programu nyingi hujumlisha: bei ya kuanzia, kilomita zote, dakika zote, na wakati mwingine ada ya kuita. Tuseme kuanzia ni 100, kilomita 30, dakika 5. Safari yetu inakuwa 100, 240 na 150: jumla 490. Bado ni nafuu kuliko 570 ya mita. Kisha kinakuja kizidishio. Watu wanaoita magari wakiwa wengi kuliko magari yaliyo karibu, programu huzidisha bei. Ikizidisha kwa 1.8, ile 490 inakuwa 882. Hapo mita ya kawaida, ambayo haijui kama mvua inanyesha, inakuwa nafuu kwa mbali.

Hospitali zina saa zake za kizidishio: saa za kutazama wagonjwa zinapoisha, na wafanyakazi wanapopishana zamu. Wote wanaita gari kutoka lango moja. Tulijifunza kukaa ndani, mama akapumzika, akanywa kile kidogo alichoruhusiwa, tukaangalia bei ikishuka. Mara nyingi ilishuka haraka. Wakati mwingine haikushuka, na mama alikuwa hoi, nikalipa. Wekeni akiba ya siku kama hizo kwenye bajeti tangu mwanzo, ili zikija zisiwe msiba.

Tofautisha pia bei iliyofungwa na makadirio. Programu nyingine hukupa bei kabla ya safari, na hiyo ndiyo utakayolipa ilimradi hujabadilisha njia au kuongeza kituo. Nyingine hukupa makadirio tu, halafu hesabu halisi huja mwishoni. Bei iliyofungwa inakulinda na foleni, makadirio hayakulindi. Siku moja nilipewa risiti iliyozidi bei niliyoonyeshwa, kwa sababu njia iliyorekodiwa ilionyesha gari likizunguka mitaa ambayo hatukupita. Niliwaandikia nikiwa na picha ya bei ya mwanzo, saa za kuondoka na kufika, na ramani. Fedha ikarudishwa. Picha ile ya skrini kabla ya kubonyeza kukubali ndiyo iliyonisaidia. Maneno matupu yasingefika mbali.

Kwa mgonjwa wa kusafishwa damu, ada inayouma kuliko zote ni ile ya kumchelewesha dereva. Programu humpa dereva dakika chache za kusubiri bure, kisha hesabu inaanza, na akikata tamaa akaondoka unatozwa ada ya kughairi. Usiite gari wakati mgonjwa bado yuko kwenye mashine eti amebakiza dakika 10. Sindano zikitolewa, mahali pale panabanwa mpaka damu ikome, presha inapimwa akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, na ikiwa chini anarudishwa kulala. Mimi huita gari mama akiwa amekaa karibu na mlango, viatu vimevaliwa, bendeji imekaguliwa. Ukipata dereva, mpigie, mweleze una mgonjwa anayetembea polepole. Wengi wana mama zao. Wataelewa.

Ziko pia nauli za kudumu, ambazo hazijali mita wala foleni. New York ina nauli moja kati ya uwanja wa ndege wa John F. Kennedy na Manhattan, ambayo juu yake huongezwa ada za barabara na nyinginezo. Paris tangu 2016 ina nauli za kudumu za viwanja vyake vya ndege, zikitofautiana kulingana na upande wa mto Seine unaokwenda. Washington ilitumia kanda badala ya mita hadi 2008: ulilipa kulingana na kanda ulizovuka, hata kama safari ilikuwa fupi lakini imevuka mpaka. Niliposoma habari za kanda ndipo wazo likanijia: kama mji mzima unaweza kukubaliana bei ya njia moja, mimi na dereva mmoja tunashindwaje?

Nilimwendea yule dereva mzee na daftari langu. Sikumwambia "nipunguzie," kwa sababu neno hilo halina hesabu ndani yake. Nilimwonyesha wastani wa nauli zetu kwa saa zile, nikamuuliza kilomita ngapi huendesha bila abiria kwa siku ya kawaida. Alisema karibu nusu. Basi safari ya uhakika, siku zinazojulikana, saa zinazojulikana, mahali pa kuchukua panapojulikana, ina thamani kwake kuliko abiria wa kubahatisha. Kabla hujafika hatua hiyo hakikisha sheria za mji wenu zinaruhusu makubaliano ya bei. Kuna miji inayolazimisha mita kwa kila safari, na dereva anaweza kupoteza leseni kwa ajili yako. Kwetu iliruhusiwa. Tulikubaliana bei iliyo chini ya wastani, lakini si ya kumuumiza.

Mapatano yetu tuliyaandika kwenye karatasi moja, na ningewashauri mfanye vivyo hivyo, kwa sababu mambo yanayoleta ugomvi ni yale yasiyotajwa. Foleni ni juu yake, ada za barabara na maegesho ni juu yetu. Kusubiri duka la dawa ni bure hadi dakika 10. Mama akichelewa kwenye mashine, nampigia mapema, na akishindwa kusubiri anatafuta mwenzake kwa bei ileile. Mama akilazwa, dereva anaambiwa usiku uliotangulia, na kama ameambiwa asubuhi akiwa tayari njiani, analipwa nusu. Kipengele hicho cha mwisho alikiomba yeye, na kilikuwa cha haki. Mama alilazwa ghafla zaidi ya mara moja, na bila kipengele hicho yeye ndiye angebeba hasara.

Tulikubaliana pia jinsi bei itakavyobadilika, jambo ambalo watu husahau. Mafuta yalipopanda kwa sehemu ya kumi, alikuja na karatasi yake. Mafuta, alisema, yalikuwa yanakula karibu theluthi ya nauli yetu; vingine, yaani gari, bima, matengenezo na jasho lake, havikuwa vimepanda. Sehemu ya kumi ya theluthi ni asilimia 3 na kidogo. Akaomba nyongeza ya asilimia 3, na tukamwongezea siku hiyohiyo.